Mama Niliyemupoteza kwa Radio

Nilimupoteza mama yangu kwa radio, Jumamosi asubuhi, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameketi sokoni Mudzipela, mwili muzima, akitwanga sombe, yale majani ya mihogo. Nilisema mbele ya mikro, na sauti niliyoitengeneza kama ya mutu mwenye homa: «Tangu siku ile sijamuona tena mama yangu. Kama iko hai, asikie sauti yangu.» Alisikia. Radio ya mama muuza chumvi ilikuwa hatua tano tu kutoka kwake. Wamama wote wakaacha kutwanga. Mumoja akamuuliza: «Mama, huyu si mutoto wako?» Na mama yangu, vile nilivyosimuliwa na watu waliokuwapo, alijibu: «Sauti ni yake. Mama mwenye anatafuta, sijue ni nani.»

Huo njo ujinga wenyewe. Ninauweka mbele ili asitokee mutu wa kusema niliuficha. Kilichobaki ni kueleza ulitoka wapi, na sitazunguka: ulitoka kwa wivu. Nilimuonea wivu mutu ambaye vita ilimunyang'anya kila kitu. Ninajua namna inavyosikika. Chekeni tu, miye pia ningecheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilikuwa mukubwa wa darasa, si kwa kimo, kwa mudomo. Wakati ule shule ilikuwa kama duka la mutu muvivu: leo wazi, kesho imefungwa, na hakuna anayepewa sababu. Nusu ya madawati yalikwisha kuwa kuni za wanajeshi waliolala mule, wa kundi hili, halafu wa kundi lile. Risasi zikilia tulilala chini, kifua kwenye simenti, na hata pale chini niliwachekesha wenzangu. Niliweza kuiga kila mukubwa wa vita aliyetawala Bunia, namna alivyokohoa kabla ya kututangazia kama sasa amani imefika. Mwenzangu mumoja alipigwa na dirikta wa shule ju risasi zilikwisha kunyamaza na yeye alikuwa bado anacheka.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa muzee mwembamba mwenye sanduku la chuma lililojaa riwaya za Waafrika. Waporaji walipoingia kwake walimwaga vitabu uani, wakaenda na sanduku. Mvua ikanyesha. Aliokota vitatu, na kimoja hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala ni cha nani. Njo hicho alichotusomea kila Alhamisi. Kilikuwa hadisi ya inchi isiyo na jina. Wazungu wanaondoka, mutu mumoja anakalia kiti cha gavana kikiwa bado na joto, anabadilisha majina ya barabara. Halafu mwanajeshi anamuondoa kwa bunduki, anakalia kiti kilekile, anabadilisha majina ya barabara tena. Mashimo ya barabara hakuna anayeyabadilisha.

Nilinyoosha mukono. «Mwalimu, huyu mwandishi alikaa Bunia mutaa gani?»

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. «Hakufika hapa hata siku moja,» akasema. «Aliandika ya kwao. Njo ile inaniumiza.»

Huyu mwalimu alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona kwingine. Kila wiki alituagiza kuandika hadisi fupi, na aliyeandika vizuri kupita wengine alikalia kiti cha mwalimu somo zima. Mwalimu mwenyewe alisimama pembeni ya ubao kama mutu aliyekuja kuomba kazi. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono miwili, mumoja umefungwa na waya, na miye nilikikalia wiki tano mufululizo. Niliandika juu ya rais aliyenunua taa za barabarani, nyekundu na kijani, akazisimika katika muji usio na barabara, na mbuzi wakawa wa kwanza kuzitii. Niliandika juu ya waziri aliyezindua daraja, halafu akaamuru muto uletwe. Tulicheka mpaka darasa la jirani likapiga ukuta. Nilipokalia kile kiti niliweka muguu juu ya muguu. Mwishoni nilianza hata kukohoa kabla ya kusema.

Halafu akaja yule musichana.

Alikuja nyumbani kwetu kabla ya kuja darasani. Mama yangu alimukuta kanisani pamoja na koko yake, bibi muzee mwenye viatu viwili visivyofanana. Walikuwa wametoka Djugu kwa muguu. Mama akawaleta kwetu vile mutu analeta mboga ya lenga-lenga kutoka soko, bila kuuliza mutu. Kufika jioni kitanda changu kilikuwa chao, na miye nilipewa mukeka kwenye salon, chumba cha kupokelea wageni. Blanketi langu la milia nalo lilihama. Kiti changu kidogo cha jikoni, kile nilichokalia tangu utoto nikimusimulia mama uongo wa siku nzima, sasa kilikaliwa na yule musichana. Alichambua maharagi pamoja na mama yangu, wote wawili kimya, na ule ukimya wao ulionekana mutamu.

«Mama, na miye nitakaa wapi?»

«Weye uko na matako mbili na inchi muzima,» mama akasema. «Kaa penye unapenda.»

Nilimujaribu yule musichana kwa vichekesho vyangu vyote. Nilimuigia mukubwa wa vita mwenye kikohozi. Aliniangalia vile mutu anaangalia mvua inayonyesha mbali. Kila siku baada ya masomo yeye na koko yake walienda kambini, kule karibu na uwanja wa ndege, penye wakimbizi walikuwa bado wanafika, kuwauliza wageni neno lilelile: «Hamukukutana na mama mumoja, iko na kovu hapa kwa kidevu?» Huyo ni mama yake. Walipotezana siku kijiji chao kilipochomwa, na tangu siku hiyo hawakujua kama iko hai ama haiko. Jibu lilikuwa apana kila siku, na kila siku walirudi kuuliza. Mama yangu aliwawekea chakula chini ya kifuniko. Changu kilibaki wazi, miye na inzi tukigombania.

Wiki ya sita mwalimu akasema amechoka na marais. «Vitabu vyetu viko na marais ya kutosha. Muniandikie siku moja. Siku moja ya mutu mumoja.»

Niliandika siku moja ya waziri mwenye kuhara. Nilikuwa na hakika ya kiti.

Alhamisi mwalimu alichukua karatasi moja, akasoma. Ilikuwa ya yule musichana. Kwa Kifaransa kifupi, chenye makosa ambayo hata miye niliyaona, aliandika kwamba mama yake alibandika maharagi motoni, akaenda kuteka maji. Kifuniko cha chungu kilikuwa sahani ya bati yenye picha ya jogoo asiye na kichwa, ju rangi ilibanduka pale. Mama alimuagiza yeye na yaya yake, kijana aliyemupita mwaka mumoja, waangalie moto. Bunduki zikaanza. Wakakimbia hadi shamba la mihogo, wakamukuta koko yao. Halafu yaya yake akasema: maharagi. Akarudi ndani. Hakutoka. Musichana aliiona nyumba ikiungua, yeye akiwa katikati ya mihogo, mpaka koko akamuvuta. Ndani ya kile Kifaransa aliacha sentensi moja kwa Kiswahili, vile mama yake aliisema akitoka na bidoni ya maji: «Maharagi ikiungua, leo mutakula moshi na chumvi.»

Mwalimu alikuwa na kalamu nyekundu ya kuua Kiswahili. Kwangu aliwahi kukata neno moja tu, bugali, akaandika pembeni kwamba mwanafunzi mwerevu atatafuta neno la Kifaransa. Kwa yule musichana hakukata kitu. Ile sentensi ya moshi aliisoma mara mbili.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia. Darasa lilikaa tu, na hata darasa la jirani lilikuwa kimya bila sababu. Mwalimu akavuta kiti, akakipangusa na mukono wa koti lake, akamuita. Yule musichana akakalia ncha, kama mutu anayengojea kuambiwa ondoka. Siye tuliosomewa zile riwaya tunajua jina la jambo kama hilo. Nilipinduliwa. Na si bunduki iliyonipindua, ni chungu cha maharagi.

Jioni ile nilikaa nyuma ya choo nikatafuta ndani ya maisha yangu kitu cha kumushinda. Wakati muji ulipigwa, tulilala chini ya meza siku mbili, mama juu yangu, halafu tukatoka wazima, na shingo zinauma. Nyumba yetu ilitobolewa na risasi moja, kwenye bati, na hiyo ilikuwa ya mulevi aliyekuwa anasherehekea. Baba yangu alikufa, ni kweli, lakini alikufa kitandani, kwa ugonjwa, kabla ya vita, kifo ambacho hakingemufanya mwalimu apanguse kiti. Vita ilizunguka Bunia yote, ikapita mbele ya mulango wetu bila kubisha hodi. Nilimuonea yule musichana wivu wa kitanda, wa blanketi, wa kiti. Nilimuonea wivu wa yaya yake aliyekufa. Ninaliandika hilo ju njo vile ilivyokuwa.

Sasa radio. Radio ya muji ilikuwa na saa ya wanafunzi, Jumamosi asubuhi, mara tu baada ya matangazo ya watu wanaotafutana. Mwalimu alitaka ile hadisi isomwe pale. Musichana alitikisa kichwa, na koko yake akaja hadi shuleni kukataa na mudomo wake mwenyewe.

«Sauti inapita bariera zote za wanajeshi,» koko akasema. «Wenye walichoma kwetu, nabo beko na radio.»

Mwalimu akawaza. Akasema basi itasomwa bila jina la mutu wala la kijiji, na ataisoma mutu mwingine, kwa Kiswahili, ili wamama wa soko wasikie. Halafu akanigeukia miye. «Weye uko na sauti. Utageuza kwa Kiswahili, utasoma vile iko. Wakiuliza, ni ya mwanafunzi mumoja. Kwisha.»

Koko aliniangalia kuanzia vidole vya miguu. «Huyu?» akauliza.

Niligeuza Ijumaa yote, na ninajisifu: niligeuza vizuri. Sikumugusa hata jogoo. Hapo hesabu yangu na Mungu ilikuwa safi. Shida ilikuja ndani ya chumba cha radio, kimoja kidogo chenye godoro limepigiliwa ukutani ili kelele za nje zisiingie. Mutangazaji alikuwa kijana mwenye sauti ya asali. Alinivalisha vile vitu vya masikio, akaniita «mwandishi wetu kijana», na hilo neno likaniingia kama mafuta ya moto.

«Na hii hadisi, nani aliandika?»

Nilijua jibu. Nililikariri njiani. Lakini nikafikiria kiti.

«Ni miye, yaya.»

«Pole sana, mudogo wangu. Ni mambo yako ya kweli?»

«Ya kweli.»

Basi, uongo ukisimama muguu mumoja lazima uupatie wa pili. Karatasi ilikuwa mbele yangu, imeandikwa musichana na yaya yake. Nikaanza kubadilisha palepale, mudomoni. Nikawa kijana. Yule aliyesema maharagi nikamufanya dada yangu mudogo. Nikamurudisha dada ndani ya nyumba, na miye nikabaki kwenye mihogo na koko yangu, nikitazama. Jogoo nikamuacha, sentensi ya moshi nikaiacha, ju vilikuwa vitamu mno. Na nilipofika mwisho nikaona mutangazaji anafuta macho, nikaongeza lile la kumutafuta mama yangu, ambalo halikuandikwa popote.

Mama alinikuta nyumbani. Kinu kilikuwa bado kichwani, hakukitua.

«Nilikufia wapi?» akauliza.

«Mama, ni hadisi tu...»

«Nauliza, nilikufia wapi? Ju nijue penye nitaenda kulala leo.»

Nikacheka. Yeye pia alikaribia kucheka, niliona pembe ya mudomo. Akatua kinu, akaniambia nisimulie yote vile nilivyoisema kule, bila kuruka. Nikasimulia, hata na sauti ya homa. Nilipofika penye dada anarudi ndani ya nyumba, ile pembe ya mudomo ikashuka.

«Yule musichana unamuambia leo,» akasema. «Mbele ya chakula.»

Musichana na koko walirudi kutoka kambini, apana ya siku hiyo imekaa machoni mwao. Hawakuwa wamesikia radio. Nikasema. Nilingoja aniulize juu ya jina, juu ya kiti, nilikuwa na majibu mawili ya kuchekesha tayari. Hakuuliza hayo.

«Ulisema ni miye nilirudi ndani?»

«Eh.»

«Na yaya yangu?»

«Yaya yako... njo miye.»

Alifikiri kidogo. «Yaya yangu hakukuwa anaongea mingi vile,» akasema, akaingia ndani, katika chumba changu ambacho sasa kilikuwa chake. Koko alivua viatu vyake viwili visivyofanana, akavipanga karibu na mulango, polepole, kama mutu anayefikiria kuvivaa tena.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani, akachukua kiti, akakigeuza kiangalie ukuta. «Wiki hii kitapumzika,» akasema. Hakunitaja. Wenzangu walingoja nitie kichekesho. Nilikuwa nacho, kizuri kabisa, nikafungua daftari.

Jumanne mchana nilikuwa uani nikimenya mihogo, ju mama alinipa mihogo yote ya dunia kama azabu. Yeye alikuwa anatwanga. Musichana na koko walikwenda kambini kama kawaida. Moto moja, pikipiki ya kubeba watu, ikasimama kwenye luzu, ua wetu wa miti, ikashusha mama mumoja. Vumbi lilimufika magotini, maana yake moto ilimuokota akiwa amekwisha kutembea sana. Alibeba kifurushi kidogo cha kitambaa.

«Hodi. Ni hapa kwa ule kijana wa radio? Kule radio walinituma kwa masomo yenu, na mulinzi wa shule ananituma hapa.»

Nilisimama. Nilijipangusa mikono. Nilidhani huyu njo mutu wa kwanza aliyefunga safari kwa ajili ya sauti yangu.

«Ni miye, mama. Karibu.»

Alinitabasamia, vile watu wanatabasamia mutoto anayewazibia njia. «Apana, papa. Mwenye ile habari. Muniitie.»

«Ni miye, mama.»

Akaniangalia masikio. Akaniangalia mikono. Halafu akaangalia juu ya bega langu, kwenye mulango wa nyumba. «Muite tu. Muambie mama yake iko hapa. Nilisikia miye mwenyewe kule Marabo, penye ninalima kwa batu. Sauti sikuijua, nikasema ni homa, lakini maharagi, ile sahani ya jogoo, yote. Na ile neno ya moshi ni yangu, hakuna mama mwingine anasema vile.» Akashusha sauti, akanisogelea kama tunapanga kitu. «Ya dada yake nimekwisha kulia. Nililia yote njiani. Sitalia mbele yake.»

Hapo njo niliona kovu, kwenye kidevu.

Niligeuka kumuangalia mama yangu. Mutwangio ulikuwa umesimama ndani ya kinu. Tangu nizaliwe, nikivunja kitu kwa jirani, ni mama aliyeenda kusema. Nilingoja aseme.

«Sema,» akaniambia. «Mudomo ni yako.»

Nilisema. Sikumbuki nilivyopanga maneno, na miye ni mutu wa kupanga maneno. «Mama, nilibadilisha. Ile habari haiko yangu. Mwenye alirudi ndani haiko musichana. Ni kijana. Musichana iko muzima, anakaa hapa kwetu, na koko yake.»

«Rudilia.»

Nikarudilia. Mara ya pili ilikuwa nzito kupita ya kwanza, ju sasa nilijua inaangukia wapi.

Alitafuta kitu cha kukalia, akapata bidoni tupu, akakaa, bidoni likabonyea likatoa sauti ya kijinga ambayo siku nyingine ningeicheka wiki nzima. Akafungua kifurushi kwenye mapaja. Ndani mulikuwa shati la kijana, la mikono mirefu, limepigwa pasi. Akalitazama. Akalikunja tena katika mistari yake ileile ya pasi, akafunga kitambaa.

«Siku tatu,» akasema, na hakuwa anasema na siye, «nililia mwenye iko. Na mwenye haiko, nikamutafutia shati.»

Mama yangu alienda akakaa chini, kwenye vumbi, karibu na muguu wake. Mwenye moto alizima injini, akavua kofia.

Walikaa vile mpaka musichana na koko walipotokea kwenye kona, mumoja nyuma ya mwingine. Musichana aliona kwanza. Ningekuwa ninaandika hadisi, ningemukimbiza. Hakukimbia. Alisimama kwenye luzu, mikono imeshika miti, akasema, kama mutu aliyeitwa kutoa sababu: «Mama, maharagi iliungua.»

Mama yake aliinuka. Akamushika kidevu, akamugeuza uso huku na huku, akamupapasa mabega, mikono, tumbo, vile mutu anapapasa kuku kabla ya kumununua. «Umekonda,» akasema. Halafu akamuvuta kifuani, na koko akafika, na wote watatu wakawa chini. Sauti iliyotoka pale sitaigeuza kwa lugha yoyote. Mama yake alilia mbele yake, licha ya ile ahadi. Nilisikia jina la yule kijana kwa mara ya kwanza. Kwenye karatasi hakuwa na jina, na kwa radio nilimunyang'anya hata kifo chake.

Na miye nikasimama pale na kisu cha mihogo na, Mungu anisamehe, nikasikia wivu tena. Mutu alitembea kutoka Marabo kwa ajili ya yule musichana. Kwa ajili yangu hakuna mutu aliyewahi kutembea hata hadi kona, ju sijawahi kupotea.

Jioni wageni wetu walikuwa chumbani, mulango umefungwa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria. Nikamufuata na hoja yangu, niliyoitengeneza tangu mchana.

«Mama, lakini kama sikudanganya, hawangeonana.»

«Ungesoma vile iliandikwa, angekuya vilevile,» akasema bila kuinua kichwa. «Jogoo iko mule. Moshi iko mule. Angekuya akijua ni nani anakuya kushika. Ile siku tatu njo ya kwako.»

Hoja ikaisha. Kikabaki kile kilichokuwa chini yake, na kikatoka chenyewe, na sauti yangu ya kweli, ambayo ni nyembamba na haifai kwa radio.

«Wale unawapenda kuliko miye. Kitanda, blanketi, yote. Na mwalimu vile. Musichana anaandika kitu moja tu, batu bote kimya. Miye sina kitu ya kuandika, mama. Hakuna kitu ilinipata. Hata moja.»

Nililia. Kwa mutu wa cheo changu ilikuwa haya kubwa. Mama alisugua sufuria mpaka akamaliza, akaligeuza kifudifudi likauke, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Halafu akaniambia hivi, neno kwa neno, na hapa siongezi hata chumvi:

«Vita yote hii nilifanya nguvu weye usipate kitu ya kuandika. Sasa shika bidoni, enda uteke maji, ju leo tuko na mugeni.»